Je, bodi isiyosomea kompyuta inaweza kuitawala TEHAMA ya chama chake?

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni katibu wa bodi ya chama cha ushirika cha akiba na mikopo hapa Lamu. Wanachama wetu wengi ni wavuvi, waendesha boti za abiria, wafanyabiashara wa sokoni na walimu. Miaka mitatu iliyopita tulinunua mfumo wa kompyuta kwa fedha nyingi, tukaambiwa kwamba foleni zitakwisha na mkopo utatoka kwa siku mbili. Foleni zipo, makarani wangali wanaandika daftari, na mkopo hutoka baada ya wiki tatu. Sasa meneja ametuletea makadirio ya bei ya mfumo mwingine kutoka kampuni ya Nairobi, yenye punguzo linalokwisha mwisho wa mwezi. Mhazini anasema tutapoteza fedha tena, na wote wawili wanamlaumu kijana wetu wa kompyuta. Katika bodi ya watu tisa hakuna hata mmoja aliyesomea mambo haya. Je, tununue? Na bodi kama yetu yawezaje kusimamia jambo isilolijua?

JIBU: Waalaikumu salaam, Bi Katibu. Nitaanza na jibu la swali la kwanza kwa kuwa lina tarehe: msitie sahihi mwezi huu. Sababu yangu haihusu ubora wa mfumo huo mpya, ambao sijauona na huenda ni mzuri. Sababu ni kwamba katika barua yako yote sikuona mahali ambapo bodi iliamua mfumo wa kwanza uwafanyie nini wanachama, nani angewajibika iwapo haukufanya hivyo, na ni lini mngekaa kupima. Mambo hayo matatu yasipokuwapo, mfumo wa pili utaishia pale ulipoishia wa kwanza, na baada ya miaka mitatu mtaniandikia tena.

Kabla ya kuzungumzia bodi, naomba mfanye jambo moja dogo. Chukueni fomu kumi za mikopo iliyotoka karibuni, na kwa kila fomu mwandike tarehe iliyopokewa, tarehe wadhamini walipotia sahihi, tarehe ilipofika mezani pa kamati ya mikopo, tarehe ilipoidhinishwa, tarehe karani alipoiingiza kwenye mfumo na tarehe fedha zilipotoka. Katika vyama vya pwani nilivyovikagua, mara nyingi nimekuta kwamba siku zilizo nyingi huliwa na kusubiri: fomu inasubiri boti kutoka Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, inasubiri mdhamini arudi kutoka baharini, kisha inasubiri kamati ambayo hukutana mara moja kila wiki mbili. Kazi ya kompyuta katika safari hiyo yote haichukui hata saa moja. Ikiwa hesabu yenu itatoa picha kama hiyo, basi hakuna mfumo duniani utakaozishusha siku ishirini na moja ziwe mbili mpaka bodi yenyewe ibadilishe ratiba ya kamati, au impe meneja mamlaka ya kuidhinisha mikopo midogo isiyozidi akiba ya mwanachama mwenyewe. Uamuzi huo ni wa bodi, hauhitaji elimu ya kompyuta, na hauna ankara.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa. Watu wa Lamu hamhitaji kufundishwa tofauti ya kutawala na kuendesha, kwa sababu mmeijua kwenye vyombo kwa karne nyingi. Tajiri wa jahazi huenda hajui kushika sukani. Hamwambii nahodha wakati gani apige bisha wala tanga likunjwe kiasi gani. Lakini ni yeye anayeamua chombo kiende bandari ipi, kipakie shehena gani, kitumie fedha kiasi gani, na hasara ya kiwango gani haivumiliki. Na chombo kikirudi, humwita nahodha akatoa hesabu. Tajiri akiacha maswali hayo yajibiwe na nahodha peke yake, chombo bado ni mali yake lakini si yeye tena anayekiongoza. Bodi yenu ni tajiri huyo, kwa niaba ya wanachama.

Viwango vya kimataifa vinasema jambo hilohilo kwa lugha yao. Mwaka 2005 Australia ilitoa kiwango cha utawala wa teknolojia ya habari katika mashirika, na mwaka 2008 kikawa msingi wa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 38500, ambacho kimerekebishwa mwaka 2015 na tena 2024. Kiini chake ni kazi tatu za bodi: kutathmini hali ilivyo na mapendekezo yanayoletwa, kuelekeza kwa sera na mipango, na kufuatilia kama maelekezo yametimizwa. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo inayomtaka mjumbe wa bodi ajue kuandika programu. Huko Afrika Kusini, ripoti ya nne ya kamati ya Jaji Mervyn King kuhusu uongozi wa mashirika, ya mwaka 2016, iliweka utawala wa teknolojia na habari kuwa wajibu wa bodi yenyewe, kama ulivyo utawala wa fedha. Nanyi mnapoletewa hesabu za fedha, si wote tisa mliosomea uhasibu, lakini hakuna anayesema kwamba fedha ni shauri la mhasibu peke yake.

Nataka nikae zaidi kwenye neno moja ambalo wauzaji wa mifumo hulitaja kwa haraka: kuoanisha teknolojia na malengo ya chama. Nitalieleza kwa daftari la makarani wenu, ambalo umelitaja kana kwamba ni aibu. Naomba mlisome kabla ya kulilaani. Programu nyingi za vyama vya akiba na mikopo nchini Kenya zilitengenezwa kwa mfano wa mtu wa mshahara: marejesho ni sawa kila mwezi, yanakatwa mwisho wa mwezi na mwajiri, na anayekosa mwezi mmoja ni mchelewaji. Mwalimu anaingia humo bila taabu. Mvuvi haingii. Mvuvi hupata wakati wa kaskazi bahari inapotulia, na kusi ikikaza, hasa kati ya Juni na Agosti, kuna majuma ambayo mashua haitoki kabisa. Mkimpa mkopo wa Februari kwa masharti ya mtu wa mshahara, ifikapo Julai mfumo utamwandika mdaiwa sugu, utamwongezea adhabu bila kumuuliza mtu, na utawafungia mikopo wadhamini wake. Karani anayemjua mvuvi huyo, na baba yake, na mashua yake, hataki kumdhulumu. Hivyo huandika pembeni katika daftari kwamba atalipa kaskazi ikiingia, na humrekebishia kwa mkono.

Maana yake ni kwamba sera ya kweli ya mikopo ya chama chenu imo katika daftari, na iliyomo katika kompyuta ni sera ya chama kingine cha watu wengine. Nyinyi mna lengo la kumhudumia mvuvi, nao mfumo unamchukulia kuwa mkosaji kila mwaka kusi ikikaza. Huko ndiko kutooana. Hakukusababishwa na kijana wa kompyuta, wala hakutaondolewa na mfumo mpya iwapo nao utanunuliwa bila mtu kumwuliza muuzaji, mbele ya bodi, kama unakubali ratiba ya marejesho inayofuata misimu.

Mfano wa pili wapasa usemwe wazi katika mji kama Lamu. Wapo wanachama, na zaidi ya hao wapo watu ambao wangekuwa wanachama, wanaojiepusha na mkopo wenye riba kwa sababu ya dini yao. Iwapo bodi imeamua kuwapa huduma ya murabaha, utaratibu wake ni kwamba chama hununua mali, tuseme mashine ya boti, kikaimiliki kwanza, kisha kikamuuzia mwanachama kwa bei inayotaja wazi gharama na faida, na bei hiyo haipandi mwanachama akichelewa. Mfumo unaotumika lazima uweze kuandika bei ya kununulia, faida iliyokubaliwa, tarehe ambayo mali ilikuwa mikononi mwa chama na tarehe ya kumuuzia mwanachama. Mfumo uliojengwa kwa riba tupu hauna nafasi za mambo hayo, kwa hiyo karani hulazimika kuiandika faida mahali palipoandikwa asilimia ya riba, na mwanachama anapochukua taarifa ya akaunti yake anakuta neno riba limechapishwa mbele ya jina lake. Mtu huyo hatarudi, naye atawaambia wenzake msikitini. Bodi ilikuwa na lengo jema, ikalitangaza katika mkutano mkuu, na nafasi moja kwenye fomu ya kompyuta ikalivunja.

Kwa hiyo kuoanisha ni kazi ya kushuka ngazi, kutoka kwa mwanachama hadi kwenye mashine, bila kuruka hata moja. ISACA, chama cha kimataifa cha wakaguzi na wasimamizi wa mifumo kilichoanzia Marekani mwaka 1969, kina mwongozo uitwao COBIT uliotoka kwanza mwaka 1996, na ndani yake ngazi hizo zimepangwa: mahitaji ya wenye chama huzaa malengo ya chama, malengo ya chama huzaa malengo ya teknolojia, nayo huonyesha ni kazi zipi za utawala na uendeshaji zipewe uzito. Toleo la 2019 lina malengo 40 ya aina hiyo ya mwisho, na kati yake ni 5 tu yaliyowekwa kwa bodi. Siwashauri muuchukue mwongozo mzima. Uliandikwa kwa mashirika ya kila ukubwa, na chama chenye ofisi mbili kikijaribu kuutimiza wote kitazama kwenye makaratasi. Chukueni ile njia ya kushuka ngazi peke yake.

Kwenu ingeweza kuwa hivi. Mwanachama wa Faza anataka kujua ndani ya siku tano kama atapewa mkopo, bila kulipa nauli ya boti mara mbili. Hilo ni hitaji. Lengo la chama linalotokana nalo ni kwamba, hadi kufikia mwisho wa mwaka wa fedha, maombi tisa kati ya kila kumi kutoka visiwani yajibiwe ndani ya siku tano. Kutoka hapo teknolojia inadaiwa mambo machache: fomu ipokewe na wakala huko Faza kwa simu, picha za vitambulisho zitumwe, wadhamini waridhie kwa ujumbe wa simu, na kamati iione fomu siku hiyohiyo. Sasa mna kipimo ambacho mjumbe yeyote wa bodi anaweza kukisoma, nanyi mmegundua kwamba pengine hamhitaji mfumo mpya. Mnahitaji sehemu moja ya kuongezwa kwenye ule wa zamani. Mmiliki wa kipimo hicho awe mkuu wa mikopo. Asiwe fundi wa kompyuta. Ninasisitiza hapo kwa sababu ndipo mashirika mengi hujikwaa: faida ya biashara hudaiwa kwa mtu ambaye hana mamlaka juu ya biashara.

Hilo linanipeleka kwenye suala la nani anaamua nini. Watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Peter Weill na Jeanne Ross, waliochunguza mashirika katika nchi nyingi na kutoa matokeo yao mwaka 2004, waliyagawa maamuzi ya teknolojia katika mafungu matano: misingi ya jumla, mpangilio wa mifumo na data, miundombinu ya pamoja, mahitaji ya programu za kazi, na uwekezaji pamoja na kipaumbele chake. Kwa kila fungu waliuliza nani anachangia mawazo na nani anaamua. Kwenu ningeyagawa hivi. Misingi na uwekezaji ni vya bodi: kwamba usinunuliwe mfumo usioweza kuandika murabaha, kwamba taarifa za wanachama hazitoki nje ya udhibiti wa chama, kwamba matumizi yanayozidi kiasi fulani hayafanyiki bila bodi. Mahitaji ya programu yaamuliwe na mkuu wa mikopo na mkuu wa akiba baada ya kukaa na makarani. Mpangilio na miundombinu viachiwe meneja na kijana wenu, kwa ushauri wa mtaalamu wa nje mara moja kwa mwaka, na bodi isiingilie kuchagua aina ya seva. Andikeni hayo kwenye ukurasa mmoja, muupitishe kwa azimio, uingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Ukurasa huo unaonekana mdogo, lakini nimeona gharama ya kutokuwa nao. Hapa Malindi nilipata kuitwa na hoteli moja ambayo tovuti yake ilikuwa imetoweka mwezi Novemba, wakati wageni wa msimu wanaagiza vyumba. Ikaja kugundulika kwamba anwani ya tovuti ilikuwa imesajiliwa kwa jina la fundi wao na barua pepe yake binafsi, kwa kuwa siku ya kuisajili hakuna aliyeambiwa kwamba uamuzi huo ni wa nani. Fundi alikuwa amepunguzwa kazi mwezi Mei, wageni walipopungua, na taarifa za kulipia upya zikawa zinakwenda kwenye sanduku la barua pepe asilolifungua tena. Hakuwa na nia mbaya. Alipopatikana alisaidia siku hiyohiyo. Lakini msimu ulikuwa umeanza, na mkurugenzi aliniambia kwamba kwa miaka yote aliidhania anwani ile kuwa mali ya hoteli. Waulizeni wenu wiki hii: anwani ya tovuti, akaunti ya barua pepe za ofisi, namba ya malipo ya M-Pesa na neno la siri kuu la mfumo viko kwa jina la nani?

Umeniuliza bodi isiyojua ifanyeje. Kuna kisa kilichoandikwa kwa kirefu ambacho ningependa wajumbe wenzako wakijue. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja wake kutoka kwenye mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya uliojengwa na kampuni ya kompyuta ya Sabadell, benki ya Hispania iliyokuwa mmiliki wake. Uhamisho wa data wenyewe ulikwenda vizuri, lakini mfumo mpya ulilemewa mara moja. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na mambo hayakurudi sawa kabisa mpaka Desemba. Mkurugenzi mkuu aliondoka mwaka huohuo. Mwezi Desemba 2022 wadhibiti waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia alitozwa yeye binafsi pauni 81,620, kwa kuwa aliyapokea maneno ya kampuni iliyojenga mfumo kwamba iko tayari bila kuyafuatilia ipasavyo.

Mawakili walioichunguza benki hiyo na kutoa ripoti mwaka 2019 walisema kwamba bodi haikuwauliza watendaji baadhi ya maswali ya akili ya kawaida. Ratiba ya kwanza ilikuwa imeshindikana. Walipoletewa ratiba mpya, hawakuhoji vya kutosha kwa nini waamini kwamba kazi itakuwa tayari kwa tarehe hiyo. Swali la aina hiyo mwanachama wenu yeyote aliyewahi kumsubiri fundi wa mashua angeliuliza: mara ya kwanza ulisema itakuwa tayari Idi, haikuwa, sasa unasema Maulidi, ni kitu gani kimebadilika?

Kwa hiyo, kila robo mwaka meneja awape taarifa ya kurasa mbili, nanyi muulize. Mfumo umetufikisha wapi kwenye vile vipimo tulivyovipitisha? Ni kazi gani bado inafanyika nje ya mfumo, katika daftari au katika jedwali la Excel, na kwa nini? Ulisimama mara ngapi, na wanachama walihudumiwaje wakati huo? Tumetumia kiasi gani tangu mwanzo, tukihesabu leseni za kila mwaka, mafunzo, vifaa na nauli za mafundi kutoka Nairobi? Nani aliyeondoka kazini, na je, ruhusa zake za kuingia zilifungwa siku hiyohiyo? Jibu lisiloeleweka lirudishwe lielezwe tena kwa maneno ya kawaida, bila haya. Kamati ya usimamizi mliyoichagua katika mkutano mkuu nayo ina haki ya kuuliza hayo, na mara nyingi ndiyo yenye muda wa kuchunguza.

Kuhusu mkataba nitakuwa mfupi, kwa kuwa wakili atausoma, lakini asisahau mambo haya. Taarifa za wanachama ni mali ya chama, na mkataba ukivunjika mrudishiwe zote, katika muundo unaosomeka na programu nyingine, ndani ya siku zilizotajwa. Malipo yafuate kazi iliyojaribiwa na makarani wenu kwa mikopo yenu halisi, ikiwamo ya mvuvi na ya murabaha. Sehemu nzuri ya fedha ibaki mpaka mfumo upite mwisho wa mwezi mara tatu bila daftari. Na gharama ya kuhamisha taarifa za zamani itajwe kwa tarakimu, kwa sababu ndiyo inayofichwa zaidi.

Sheria nayo inawagusa moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakitaka chama, kikiwa ndicho kinachoamua matumizi ya taarifa za watu, kiwe na mkataba wa maandishi na yeyote anayezichakata kwa niaba yake, yaani huyo muuzaji ikiwa taarifa zitakaa kwenye seva zake. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72, naye muuzaji anapaswa kuwaarifu ninyi ndani ya saa 48 inapowezekana. Huduma za kifedha ni miongoni mwa shughuli zinazopaswa kusajiliwa katika ofisi ya Kamishna hata kama shirika ni dogo. Meneja awaonyeshe cheti. Kama hakipo, hiyo ni ajenda ya kikao kijacho kabla ya ajenda ya mfumo mpya.

Mtajaribiwa pia na ahadi ya kuweka kila kitu mtandaoni. Faida yake ipo, lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Na mwaka 2023 umeme ulikatika nchi nzima zaidi ya mara moja. Mwulizeni muuzaji awaonyeshe, palepale mezani, karani wa ofisi yenu ya Mokowe, upande wa bara, atafanya nini laini ikikatika saa nne asubuhi, na malipo aliyopokea yataingiaje yakisharudi mawasiliano. Asiwaeleze, awaonyeshe kwa kuchomoa waya.

Sasa huyo kijana. Katika barua yako ametajwa mara moja, kwa lawama, na sikuona mahali palipotajwa kwamba aliwahi kuitwa kwenye kikao. Naamini anajua mengi kuhusu kilichokwama kuliko sisi sote, na inaelekea hajaulizwa. Mwiteni. Mpeni nusu saa awaeleze ni maombi gani ya makarani aliyapeleka kwa muuzaji wa kwanza, yalijibiwaje, na ni kipi hakuwa na mamlaka nacho. Wakati huohuo, maneno ya siri makuu yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa, yawekwe kwenye kasha la fedha mikononi mwa mhazini. Hilo lielezwe kuwa ni utaratibu wa chama kwa kila atakayeshika kazi hiyo, asije akaona kwamba anashukiwa. Linamlinda yeye pia, maana siku jambo likiharibika akiwa safarini hataulizwa peke yake.

Na kuhusu punguzo la mwisho wa mwezi, mwandikieni muuzaji barua ya heshima. Mwambieni kwamba bodi imepokea makadirio yake, kwamba itapitisha malengo na vipimo katika kikao kijacho, na kwamba baada ya hapo mtampa mikopo kumi halisi, majina yakiwa yamefutwa, mitano kati yake ya wavuvi na miwili ya murabaha, aipitishe kwenye mfumo wake mbele ya makarani wawili wa Amu, yaani mjini Lamu, na mmoja wa Mokowe. Muuzaji anayeuamini mfumo wake atakubali kuja, na bei mtaijadili upya siku hiyo mkiwa na matokeo mkononi. Mkishazihesabu zile fomu kumi nilizozitaja mwanzo, niandikieni tena mniambie siku zilikwenda wapi.